Oili ya Kobe: Dumu Lililotununisha Wiki Nzima

Kuna nyumba ambazo watu wananuniana kwa sababu ya meseji iliyoingia saa tano usiku. Kuna wanaogombana kwa ajili ya hela ya matumizi, au ndugu wa mume, au mpira wa Ulaya unaokwisha watoto wameshalala. Sisi tulinuniana wiki nzima kwa ajili ya dumu la oili. Usicheke. Kama kwenu kuna gari la zamani aliloliacha mzee, na kila mwanaume wa ukoo anajiona fundi, makala hii ni yako.

Gari lenyewe ni Volkswagen Beetle ya mwaka 1970, injini ya 1300, rangi ya maziwa ambayo kwa umri imeanza kuwa rangi ya chai ya maziwa. Nyumbani tunamwita Kobe. Anaishi Songea, Bombambili, chini ya mwembe kwenye uwanja wa wakwe zangu. Baba mkwe alikuwa mwalimu. Alimnunua mkono wa pili, akamwendesha mpaka macho yalipomkataza. Alipotutoka, nyumba na shamba havikuleta neno. Neno lililetwa na Kobe.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye ndiye aliyebaki Songea na mama, alishapata mnunuzi kutoka Arusha. Mtu wa kukusanya magari ya zamani, na bei aliyotaja haikuwa ya kitoto. Mume wangu hakutaka gari liuzwe, lakini pia alijisikia vibaya kumbishia mdogo wake anayeamka usiku mama akiumwa wakati sisi tuko Dar. Mama mkwe, ambaye huenda kliniki Peramiho kwa ajili ya presha, alimaliza ubishi kwa sauti ileile anayoitia kuku: "Gari la baba yenu mtaliuza nikishakufa."

Basi. Likabaki swali la Kobe ataendelea kutembea vipi. Maana injini ikinoki, mnunuzi anakimbia, na mama anabaki kupanda bodaboda mpaka Peramiho, kilomita ishirini na kitu, na presha yake na kitenge chake cha Jumapili.

Desemba tulipofika tulimkuta Kobe anatoa moshi wa bluu na ardhi chini yake imelowa. Gereji moja ya mjini ilikuwa imembadilishia oili wiki moja nyuma. Shemeji akasema tatizo ni oili nyepesi: "Hii injini ya kizamani inataka kitu kizito, bro. SAE 50, na ukipata nzito zaidi weka." Mume wangu akasema tatizo ni ushamba: "Dunia imebadilika. Mimi langu naweka sinthetiki 5W-30, injini inatulia mpaka unasahau kama inawaka." Kila mmoja akaenda mjini akanunua dumu lake. Madumu mawili yakakaa sebuleni kama wageni waliokuja kuposa binti mmoja, na hakuna aliyethubutu kufungua la mwenzake.

Mimi sikuwa na dumu. Nilikuwa na muda, na nilikuwa na kijitabu cha gari kilichokuwa bado ndani ya dashibodi, pamoja na daftari la shule ambalo baba mkwe aliandika kila alichomfanyia Kobe tangu amnunue. Mwandiko wa mwalimu, herufi zimesimama wima. Kila baada ya kurasa chache mstari uleule: oili, lita 2½, SAE 40.

Injini isiyokunywa maji

Kwanza tuelewane kuhusu mnyama mwenyewe. Gari lako la kawaida lina rejeta. Maji yanazunguka kwenye injini, yanabeba joto, yanakwenda kupoa mbele. Beetle haina rejeta wala maji. Injini iko nyuma, silinda nne zimelala mbilimbili kila upande, na juu yake kuna feni kubwa inayosukuma upepo kupita kwenye mapezi ya silinda. Feni hiyo inazungushwa na mkanda. Mkanda ukikatika taa ya dainamo inawaka, na hapo husemi "ngoja nifike pale mbele". Unasimama palepale.

Sasa, upepo unapoza nje ya silinda. Nani anapoza ndani, kwenye beringi za kranki, kwenye kemushafti, chini ya pistoni? Ni oili. Inachukua joto humo ndani, inapanda kwenye kipozaoili kidogo kilichosimama ndani ya boksi la feni, inapulizwa, inarudi chini. Kwa hiyo kwenye injini ya namna hii oili inalainisha na kupoza kwa wakati mmoja, yaani inafanya sehemu ya kazi ambayo kwenye gari lako inafanywa na maji. Ndiyo maana suala la oili gani uweke lina uzito kuliko kwenye Toyota.

Kama unaona haya mambo ni ya Wajerumani wa zamani tu, angalia bodaboda zilizopanga foleni pale stendi. Nyingi nazo hazina rejeta. Injini ina mapezi, inapozwa na upepo, na kijana anayeijali anabadilisha oili kabla haijawa lami. Anayepuuza unamjua kwa mlio wa pikipiki yake akiwa bado yuko Msamala.

Na mfumo huu haukuwa wa mchezo. Kwenye mashindano ya Safari, yale yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, Beetle ilishinda mwaka 1954, ikashinda tena 1957, na mara nyingine 1962. Barabara za wakati ule unazijua, vumbi juu, matope chini. Gari lisilo na rejeta la kutobolewa na jiwe lilikuwa na sababu ya kutamba.

Namba za kwenye dumu

Niliwaweka wanaume wawili mezani, nikawawekea chai na mihogo, nikafungua kijitabu. Kiwanda kilitaja SAE 30 kwa majira ya joto, na SAE 40 kwa nchi zenye joto kali. SAE 50 haikuwemo katika hayo. Na 5W-30 nayo haikuwemo.

Hizo namba zinaeleza uzito wa oili, yaani inavyotiririka. Namba iliyo peke yake, kama SAE 40, ni uzito wake injini ikishachemka, unaopimwa kwenye nyuzijoto 100. Ukiona mbili, kama 20W-50, ya kwanza yenye W ni tabia yake kwenye baridi, ya pili ni tabia yake kwenye moto. W yenyewe imetokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Na baridi wanayoizungumzia si ya Songea. Oili ya 20W inapimwa kama injini itaweza kuzunguka kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Juni na Julai Songea tunavaa masweta na kuota jiko, na asubuhi ukungu unafunika Matogoro, lakini barafu hatuijui. Kwa hiyo yule anayekuuzia 5W kwa hoja kwamba "kwenu kuna baridi" anakuuzia koti la Ulaya.

Hapo mume wangu alianza kuvimba shingo. Nikamwambia asubiri, maana naye ana haki yake. Ile 30 ya kwenye 5W-30 yake, ikishachemka, iko kwenye kundi lilelile la SAE 30 ambalo kijitabu kinalitaja. Kwa hiyo hakuwa amepotea sana kama mdogo wake alivyodai. Tatizo la dumu lake lilikuwa kwingine, nitalifikia.

Shemeji naye alikuwa na nusu yake. Ni kweli injini hizi zilitengenezwa na nafasi ambazo haziringi kwa oili ya uzito wa kati, na ni kweli kijitabu chenyewe kinapanda mpaka 40 kwa nchi za joto. Alipokosea ni pale aliposema "ukipata nzito zaidi weka".

Sikiliza, hapa ndipo injini nyingi zinapouawa kwa nia njema. Ndani ya injini ya Beetle kuna valvu ndogo ya presha, pistoni na springi. Oili ikiwa nzito, kwa mfano asubuhi injini ikiwa ya baridi, presha inapanda, springi inabonyea, na oili inafunguliwa njia ya mkato: sehemu kubwa inarudishwa chini bila kupita kwenye kipozaoili. Ni akili nzuri sana, maana kipozaoili na sili zake visingestahimili presha ile. Oili ikipata moto inalegea, springi inafunga, na oili yote inapanda kwenda kupozwa. Sasa weka kitu kizito kama asali. Njia ya mkato inabaki wazi muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa. Yaani umeweka oili nzito ili kuilinda injini na joto, na oili hiyohiyo inakosa kupozwa. Isitoshe, dakika za mwanzo asubuhi, ambapo vyuma vinasagana zaidi, uji mzito unachelewa kufika unakotakiwa.

Shemeji alikaa kimya, akamega muhogo. "Kwa hiyo shem unasema mzee alikuwa anajua?" Mzee alikuwa anajua.

Kuna kisa kimoja ambapo oili nzito inaonekana kufanya maajabu, nacho kinadanganya wengi. Injini iliyochoka, beringi zimelika, ikichemka taa ya oili inapepesa gari likiwa limesimama kwenye sailensa. Ukiweka 20W-50 taa inazima, unashangilia. Oili imeongeza presha kidogo, ni kweli, na kwa injini ya aina hiyo mimi mwenyewe ningeweka 20W-50. Lakini beringi hazijapona. Umenunua muda wa kukusanya hela ya ovahoo, basi. Utumie muda huo kukusanya.

Lita nne kwenye tumbo la mbili na nusu

Kwa nini basi Kobe alikuwa anavuja na kutoa moshi? Tulimtafuta mzee mmoja pale Majengo, fundi aliyestaafu, ambaye alizifanyia kazi Volkswagen tangu ujana wake. Alikuja kwa miguu, akaamkiwa, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Akacheka. "Mwanangu, huyu mmemlisha mpaka kwenye koo."

Injini ya Beetle inachukua lita 2 na nusu. Mbili na nusu tu. Magari mengi ya mjini yanakaribia lita 4, na dumu lililozoeleka dukani ni la lita 4, kwa hiyo kijana wa gereji akamimina dumu zima kama anavyofanya kila siku. Oili ya ziada inapigwa na kranki inatoka povu, inasukumwa kwenye bomba la kupumulia mpaka kwenye hewa inayoingia kwenye kabureta, inaungua, unapata moshi wa bluu. Nyingine inatafuta sili dhaifu inatokea hapo. Yaani ugomvi wa nzito na nyepesi ulioivunja wiki yetu haukuhusiana kabisa na moshi.

Kama gari lako la zamani limeanza kuvuja mara tu baada ya kubadilishiwa oili, usikimbilie kulaumu aina ya oili. Egesha mahali tambarare, zima, subiri dakika kadhaa, pima. Oili iwe kati ya alama mbili, karibu na ya juu, na isiizidi.

Mzee alituonyesha na kitu kingine. Beetle haina filta ya oili kama ile ya kopo unayoijua. Chini ya injini kuna sahani ya duara iliyofungwa kwa nati ndogo sita, na ndani yake chujio la waya, kama la chai. Chujio hilo linakamata gasketi iliyokatika na vipande vya chuma, lakini masizi na vumbi laini vya injini vinapita. Kinachosafisha injini ni wewe kuimwaga oili ikiwa bado na uhai. Kiwanda kilisema kila kilomita 5,000. Kwenda na kurudi Mbinga ni kama kilomita 200, kwa hiyo hiyo ni safari 25. Kama gari linatoka siku ya misa na siku ya kliniki tu, usisubiri kilomita; mwaga kila miezi 6, maana safari fupifupi zinaacha unyevu na petroli ndani ya oili.

Habari njema kwa mfuko: dumu la lita 4 na chupa moja ya lita 1 vinatosha kubadilisha mara mbili kamili. Hicho unachookoa ndicho kinachokuruhusu kununua oili ya maana badala ya ile ya bei ya chini kabisa.

Zile nati sita, tafadhali, mwambie fundi asizikaze kwa hasira. Ni ndogo, zimeshikilia kwenye aloi laini, na mtu mwenye spana ndefu na mawazo ya nyumbani anang'oa stadi moja kwa sekunde mbili. Na gasketi ni mbili, moja juu ya chujio na moja chini.

Zinki, na dumu la mume wangu

Nilisema tatizo la 5W-30 liko kwingine. Kwenye Beetle, kemushafti inasukuma tapeti bapa. Chuma kinateleza juu ya chuma kwa nguvu kubwa kwenye eneo dogo. Kinachozuia visilane ni dawa ya zinki na fosforasi inayochanganywa kwenye oili, ambayo inatandika utando mwembamba juu ya chuma. Magari ya kisasa mengi yana rola mahali hapo, hayahitaji sana dawa hiyo. Zaidi ya hapo, fosforasi inaharibu kile kifaa cha kusafishia moshi kwenye ekzosi ya magari mapya. Kwa hiyo viwango vipya, hasa kuanzia cha SM cha mwaka 2004, viliibana fosforasi kwenye oili nyepesi za petroli kama 5W-30 na 10W-30. Kwenye oili nzito kiasi kama 15W-40 na 20W-50, kibano hicho hakipo kwa namna hiyo.

Kwa hiyo dumu la mume wangu ni zuri sana kwa gari alilonunuliwa. Kobe hana kifaa cha moshi cha kulindwa, ana tapeti za kulindwa. Usemi wa "ghali ndiyo bora" umefia hapo.

Geuza dumu usome nyuma. Utakuta herufi mbilimbili. Zinazoanza na S ni za injini za petroli, zinazoanza na C ni za dizeli, na herufi ya pili ikisogea mbele kwenye alfabeti, kiwango ni kipya zaidi. SA haina dawa yoyote ya maana, na Wamarekani wanaoitoa orodha hiyo wanasema haifai kwa magari mengi yaliyotengenezwa baada ya 1930. SB, baada ya 1951. Hizo ukizikuta kwenye dumu, au ukikuta dumu halina herufi kabisa, liache hapohapo hata kama linauzwa kwa bei ya soda. SF, ambayo bado unaikuta kwenye maduka yetu, ilikuwa oili ya magari ya miaka ya 1980, na kwa Beetle inatosha vizuri.

Chaguo langu kwa Songea, kwa injini ambayo haijachoka, ni 15W-40 ya kawaida, si sinthetiki, yenye herufi za pande zote mbili, mfano CI-4/SL. Hizo zinatengenezwa kwa malori na petroli pia, zina dawa ya zinki ya kutosha, na zinapatikana kila mahali malori ya mahindi na makaa ya mawe yanapopita, yaani hapa kwetu kila kona. Mzee wa Majengo alisema yeye angeendelea na SAE 40 ya baba, maana Kobe ameizoea. Sikubishana naye. Ukiipata SAE 40 ya kweli yenye herufi zake, haina kosa lolote. Ukiishi Mtwara au Dar na unalipeleka gari safari ndefu mchana wa Januari, 20W-50 inaeleweka.

Angalizo kwa wanaotoka kwenye oili mbovu ya miaka mingi: oili nzuri ina sabuni ndani yake. Itafua uchafu uliogandia, na kwa kuwa filta hakuna, uchafu huo utabaki unazunguka. Ya kwanza imwage mapema, kilomita 1,000 hivi, kisha endelea na ratiba.

Feki nazo zipo, tusidanganyane. Tume ya Ushindani, FCC, imekuwa ikikamata bidhaa bandia miaka yote hii, na TBS ndio wenye alama ya ubora. Wewe angalia sili ya kifuniko kama imefunguliwa na kurudishwa, angalia maandishi kama yana makosa ya kijinga, na nunua kwenye duka ambalo utamkuta mwenyewe ukirudi kulalamika. Halafu ukimaliza dumu, litoboe. Dumu zima linalotupwa ndilo linalorudi sokoni na oili ya mtu mwingine ndani.

Jumamosi chini ya gari

Wapenzi wanaulizana watafanya nini wikiendi wakiwa mkoani ambako hakuna sinema. Sisi tulimwaga oili. Mume wangu chini ya gari, shemeji anampa spana, mimi na daftari. Injini iwe ya uvuguvugu, oili inatoka yote na haikuchubui. Mama alituletea kiti akakaa kutuangalia, akasema baba yao alikuwa akivaa kaptura ya kaki kwa kazi hiyo. Ndugu wawili ambao kwa wiki nzima walikuwa wanapitishiana chumvi kupitia kwangu walianza kucheka kuhusu hiyo kaptura.

Oili chafu jirani aliiomba kwa ajili ya nguzo za uzio, mchwa wa Bombambili ni balaa. Kuipaka kwenye nguzo ndivyo wengi wanavyofanya. Kuimwaga kwenye mfereji ni kuinywa wenyewe baadaye, maana visima viko palepale. Na nawa mikono vizuri, oili iliyotumika si ya kuzoeana na ngozi.

Tulipomaliza, mzee wa Majengo alitaka kupima valvu, injini ikishapoa kabisa. Kwa injini kama ya Kobe nafasi ni milimita 0.15, na kupima hii kunakwenda sambamba na kila kubadilisha oili. Aliponiambia anaanza na silinda namba 3 nikadhani ni ushirikina. Kumbe kipozaoili cha matoleo ya kabla ya 1971 kimesimama kwenye njia ya upepo unaokwenda kwenye silinda hiyo, kwa hiyo namba 3 inapata hewa iliyopungua na iliyokwisha pata joto. Valvu yake ya ekzosi inavutika, nafasi inapungua, na siku moja kichwa chake kinakatika na kutumbukia kwenye pistoni. Baadaye kiwanda kilikihamisha kipozaoili pembeni. Ya Kobe ilikutwa imebana. Haikuwa imefika pabaya, lakini ilikuwa njiani.

Tungeendelea kubishana kuhusu madumu, safari ya Njombe ya mwezi uliofuata ingeimaliza. Na spea za injini hizi zinapatikana, maana Beetle ya mwisho ilitoka kiwandani Mexico tarehe 30 Julai 2003, lakini kuzifikisha Songea ni simu, hela na subira.

Ukiwa njiani

Kwa wenye mpango wa kupandisha Lukumburu na gari la namna hii: teremsha gia mapema. Feni inazunguka kwa kasi ya injini, kwa hiyo ukikaa gia ya nne unavuta polepole, injini inafanya kazi ngumu na feni imelala. Gia ya tatu ina kelele, lakini ina upepo. Ukifika Madaba simama, kunywa chai, pima oili baada ya dakika chache.

Ikipungua na dukani hakuna ya aina yako, ongeza iliyopo ilimradi ina herufi zake na uzito wa karibu. Oili za injini zinachanganyika, na kutembea na oili pungufu ni hatari kuliko kutembea na ya mchanganyiko. Injini yenye lita 2 na nusu ikipoteza nusu lita imepoteza moja ya tano ya kila kinachoipoza. Andika kwenye daftari umeongeza nini na kiasi gani, na ukirudi Songea imwage yote uanze upya.